Kipande Chekundu Mbele ya Nyumba Yetu

Mpendwa yaya, kaka yangu,

Mbele ya nyumba yetu, kuanzia kona ya fundi wa mabati hadi kwenye kanisa dogo, barabara ni nyekundu kwenye ramani ya biro, ofisi ninakofanya kazi. Sisemi nyekundu ya udongo, hiyo unaijua. Nasema nyekundu ya kompyuta, ile yenye maana kwamba njia imeharibika kiasi kwamba mtu wa baiskeli hawezi kuipita akiwa amepanda. Wewe uliyepita hapo na magunia ya ndagala, yaani dagaa, nyuma, umeachia gido, ule usukani, na unatafuna muwa, ungecheka mpaka ukae chini. Hapo ni tambarare, unajua. Hakuna jiwe, hakuna mchanga, na mvua ikinyesha maji yanateremka ziwani bila kumsumbua mtu. Lakini kompyuta imesema ni mbovu, na kompyuta hiyo ndiyo inayonilisha siku hizi. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu mengi yamepita tangu uondoke, na barua hii itasomwa na wengine pia ambao hawatujui.

Nilipata kazi kwenye mradi wa njia za baiskeli. Si biro kubwa, vyumba viwili tu kwenye njia ya kwenda Kalundu, na shefu mmoja, mkubwa wetu wa kazi, aliyetoka Bukavu, mtu mpole anayekunywa chai bila sukari na kufikiri kwamba sisi wa Uvira tunaongea kwa sauti kubwa mno. Kazi yetu ni kuchora njia zote zinazopitwa na watu wa kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku: kutoka bandarini Kalundu hadi Luvungi, na zile zinazopanda Lemera na Bijombo. Tukishazichora tunazipanga kwa madaraja, ili wale watakaotengeneza wajue waanzie wapi. Wanyonga kinga, wanaobeba mizigo kwa baiskeli, tumewafungia simu ndogo kwenye gido, na sisi wa biro pia tunazo. Simu inaandika walipopita na kwa mwendo gani, na jioni kompyuta inapaka rangi. Aliyekwenda vizuri anapata kijani, aliyejikokota anapata njano. Aliyekwenda kwa mwendo wa miguu anapata nyekundu, kwa sababu kompyuta inaamini kwamba mtu mwenye baiskeli hawezi kutembea kwa miguu isipokuwa njia imemshinda.

Sikumwambia shefu kwamba elimu hii ya kupanga njia niliianza zamani, nikiwa nimekaa nyuma yako kwenye porbagaji, nimekushika shati. Wewe hukuwa na rangi. Ulikuwa unapima kwa mdomo. Ulisema njia inajulikana kwa kile ambacho mdomo unafanya ukiwa juu yake. Kulikuwa na njia ya kusengenya, pana na ngumu, ambapo watu wawili wanakwenda sambamba na kumaliza habari za mtaa mzima; hiyo ilikuwa nyuma ya mashamba ya miwa ya Kiliba wakati wa kiangazi. Kulikuwa na ya kuimba, nyembamba kidogo, ya mtu mmoja. Ya kunyamaza ilikuwa ule mchanga wa karibu na mto Runingu, ambapo ukifungua mdomo tu gurudumu la mbele linakugeuka. Ya kutukana, ukasema, ni Lemera nzima kuanzia chini hadi juu. Nikakuuliza Bijombo je. Ukasema Bijombo ni njia ya kusali, kwa maana huko huipandi kinga, kinga ndiyo inakupanda weye.

Nilipofika biro nikakuta daraja A, B, C na D. Nilizitazama nikaona ni zako zilezile, ukitoa ile ya kusali, zimevaa suti na kravati tu. Nilicheka peke yangu na shefu akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hata wewe hukukiingiza kwenye hesabu, kwa sababu si aina ya njia. Huku kwetu mtu wa kinga akifika mbele ya nyumba yenye kilio, anashuka. Anaacha kupiga kengele kabla ya kufika, anavua kofia kama anayo, anaisukuma baiskeli kwa mguu mpaka apite nyumba hiyo, ndipo anapanda tena. Haijalishi kama anamjua marehemu au hamjui, kama ana mzigo au hana. Wanyonga kinga wanaishika desturi hiyo kuliko watu wengine wote, na marehemu akiwa mwenzao wanashuka kila siku, kwenda na kurudi, mpaka familia yenyewe itangaze kwamba kilio kimeisha. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Tulizaliwa tukaikuta.

Na mama yetu ndiye aliyetufundisha. Unakumbuka tulivyompeleka hospitali ya Lemera, homa imempanda mpaka anaongea na marehemu bibi? Ulimfunga mgongoni kwako kwa kitenge ili asianguke, mimi nikawa nafuata na kinga ya kuazima iliyokuwa na freni moja tu ya kuisimamisha. Tulikuwa bado chini bondeni, hatujaanza kupanda, tukafika kwenye nyumba ya watu tusiowajua, wamekaa nje chini ya turubai. Ukashuka, ukataka kumsukuma mama akiwa juu. Akakataa. Ulimwambia ni mgonjwa, Mungu anaona. Naye, na homa yake yote, akasema, "Mungu anaona. Hawa watu hawaoni. Hawa wanaona tu muntu iko juu ya kinga." Tukamshusha. Tulimshika huku na huku, akapita mbele ya nyumba ile kwa miguu yake, akitetemeka, akiwasalimia wenye kilio kwa kichwa. Ulipompandisha tena alikuwa amelowa jasho. Wewe ulinung'unika mpaka tukafika Lemera, na njia ile haikuhitaji msaada wa mtu kunung'unika.

Nakukumbusha hayo ili uelewe uzito wa yaliyofuata.

Siku uliyoondoka, watu wote walikuwa wanateremka kutoka Bijombo wakikimbia mapigano, na wewe ndiye uliyekuwa unapanda. Magodoro, mbuzi, watoto mgongoni, wote wanakuja chini, na wewe na Ndagano rafiki yako na wengine wachache mnasukuma chumvi na sabuni kwenda juu, kwa kuwa mlisema palipo na watu waliobaki, hao ndio hawana sabuni. Mama alikukataza, mimi nilikukataza, hata fundi wa mabati, ambaye hajawahi kumkataza mtu kitu, alikukataza. Jioni Ndagano alirudi bila wewe. Alituambia risasi zililia, kila mtu akashika njia yake porini, na alipotazama nyuma hakukuona. Alirudi tena kesho yake kukutafuta akazuiwa njiani. Hayo ndiyo tuliyoyajua, na kwa muda mrefu hayakuongezeka.

Kilichoongezeka ni maneno ya watu. Mmoja alikuona kambini ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Burundi, umekonda. Mwingine alikuona Baraka unauza yuniti za simu, umenenepa. Nilivuka nikaenda kambini na picha yako, nikazunguka kuanzia asubuhi, nikarudi. Mama hakuniuliza nimeona nini. Aliniuliza kama nimezunguka upande wote, nikasema ndiyo, akasema basi ulikuwa umekwenda kuchota maji.

Halafu jirani yetu mmoja, simtaji, unajua mdomo wake, akasema pale bombani kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Alisema kwa sauti ya mtu anayehurumia, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Mama akaweka ndoo chini. Akamjibu kwamba ni kweli, hauna kilio, basi wasilie. Akabeba maji yake akaja nyumbani. Tangu siku hiyo neno hilo halikutamkwa ndani ya nyumba yetu. Misa ya nia aliitoa kila mwezi, na kwa karani wa parokia alisisitiza uandikwe pamoja na wasafiri, si pamoja na marehemu. Karani alikuandika pamoja na wasafiri.

Lakini wanyonga kinga walikuwa wameanza kushuka.

Sijui nani alitangulia. Nadhani ni Ndagano. Asubuhi moja nilisikia kengele zinakuja kama kawaida kutoka upande wa mji, halafu zikanyamaza zote kwenye kona ya fundi wa mabati. Nikatoka nje. Walikuwa wanakuja kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, kofia mkononi, magurudumu yanalia tu kidogo. Walipofika kanisani wakapanda, kengele zikaanza upya. Mama alitoka jikoni na mwiko wa bugali mkononi. "Mupande," aliwaambia. "Hapa hakuna kilio. Mutoto wangu iko mu njia." Wakamwamkia, jambo Mama Kashindi, wakaendelea kutembea. Unaona jinsi ilivyo: hata wakitaka kumsalimia tu, lazima watamke jina lako.

Ikawa hivyo kila siku. Misimu miwili ya mvua imepita wakishuka na mama akiwaambia wapande. Ilifika mahali akawa anasema bila hasira, huku anachambua maharagwe, bila hata kuinua macho, kama mtu anayemwambia mtoto afunge mlango. Nao walikuwa wanamwitikia kwa heshima. Na mimi nilikuwa sina upande. Mama akisema uko njiani, nasema ndiyo mama. Ndagano akivua kofia, naye namwamkia. Mimi ni mtu wa vipimo, yaya, na kwa habari yako sikuwa na kipimo chochote mkononi. Nilijiambia hiyo ndiyo akili.

Sasa ndipo ramani ikatoka, na kipande chetu kikawa chekundu.

Shefu aliniita akanionyesha. Alisema ni ajabu, pande zote mbili ni kijani, katikati nyekundu kali, na amepita hapo mwenyewe na moto yake, ile pikipiki, bila kuona shimo hata moja. Nikamweleza kwamba si barabara, ni watu wanashuka kwa heshima, kuna kilio. Nilisema kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa neno hilo lilitoka vizuri, kama vile halimhusu mama yangu. Akatikisa kichwa akaelewa, halafu akaniuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye kazi yake angeuliza: kinaisha lini? Kama kinaisha, tutapima upya kikishaisha. Kama hakiishi, basi ni sehemu ya njia na lazima kiwe na daraja lake.

Nikasema nitauliza.

Lazima nikueleze kwa nini swali lake lilikuwa na haraka. Safari hii kulikuwa na mawe na saruji ya kutengeneza kipande kimoja tu. Vilivyokuwa vinashindana ni viwili: kwetu, na mteremko wa Lemera, pale ambapo maji yamekata njia na wagonjwa wanaopelekwa hospitali kwa kinga wanashushwa na kubebwa mikononi. Kwetu wanapita watu wengi zaidi, kwa hiyo kompyuta ilituweka mbele. Wangekuja kumwaga mawe kwenye barabara nzima isiyo na kasoro, na kule Lemera wajawazito waendelee kubebwa. Ningeweza kuandika kwenye ramani "kilio, kitaisha," na mambo yakaishia hapo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini kuandika kwamba kilio kitaisha ni kuandika kwamba kipo, na huyo anayeliliwa ni wewe, na anayeandika ni mimi. Sikuandika.

Nilimfuata Ndagano Kalundu. Nilimkuta anafunga magunia ya samaki, mpira wa kufungia ameuuma kwa meno. Nilimwomba awaambie wenzake waache kushuka. Akafunga gunia mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

"Mama akisema kilio imeisha, tutapanda siku ileile," alisema. "Lakini yeye anasema hakuna kilio. Kitu yenye haiyaanza, miye nitaimaliza namna gani?"

Nikamwambia habari za Lemera, za mawe, za rangi nyekundu. Nikamwomba wapande siku chache tu, zile za kupima, halafu wafanye watakavyo. Alifikiri sana. Mke wake alijifungulia njiani kwenye mteremko ule, chini ya mwavuli wa mtu, unakumbuka. Mwishowe alisema sawa, kwa sababu ya Lemera, si kwa sababu nyingine. Akaniuliza kama mama anajua. Nikasema mama hana haja ya kujua, si ndicho alichokuwa anakitaka siku zote?

Siku ya kwanza ya vipimo nilichelewa makusudi kwenda kazini. Mama alikuwa nje anaanika mihogo. Kengele zilikuja kutoka mjini, na kwenye kona ya fundi wa mabati hazikunyamaza. Mama akasimama, mgongo umenyooka, kama kila asubuhi. Nilimwona anafungua mdomo aseme neno lake. Wakampita wamepanda wote, mizigo nyuma, wengine wakipiga kengele kumsalimia, vumbi likafika kwenye mihogo. Walikwisha kupita na yeye bado amefungua mdomo. Halafu akaufunga akaendelea kuanika.

Jioni ile kipande chetu kilikuwa kijani kizuri sana. Shefu alifurahi.

Siku ya pili mama hakuanika kitu. Alikaa mlangoni tangu asubuhi. Waliporudi jioni kutoka bondeni, wamepanda, wanaongea na kucheka kwa sababu mizigo imekwisha na njia yetu ni ile ya kusengenya, aliwatazama mpaka wakapotea. Nilikuwa ndani nakuna nazi... hapana, nasema uongo, nazi tunatoa wapi sisi. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mihogo, nikaacha mchi ukakaa kwenye kinu kwa sababu nilijua ataniuliza kitu. Akaniuliza.

"Wamemusahau?"

Nilimwambia pengine wana haraka. Yaya, muda wote huu nilidhani mama anapigana na wale watu. Kumbe kila walipovua kofia mbele yake, mara mbili kwa siku, kulikuwa na watu wanaosimama na kukukumbuka, na yeye alikuwa anawafukuza huku akijua hawatakwenda. Nilimwondolea kitu hicho kwa maneno machache pale Kalundu, na sikukitambua mpaka nilipoona anavyokaa.

Siku ya tatu alitoka mapema. Alikuwa amefunga kitenge kiunoni na kichwa hakukifunga. Alikwenda akasimama katikati ya barabara, mikono chini. Nikamfuata nikiogopa kwamba atagongwa. Kengele zikaja. Ndagano alikuwa mbele, amebeba samaki, akavuta freni mpaka kinga ikaenda upande. Mama akaishika gido kwa mikono miwili.

"Shuka," alisema.

Ndagano alinitazama mimi. Mimi nilitazama chini. Akashuka.

"Shuka, baba. Hapa kuna kilio."

Nadhani Ndagano angeweza kunyamaza tu na ingetosha. Lakini huku kwetu mtu akisema kuna kilio lazima aulizwe, ili aseme. Akavua kofia yake. "Kilio ya nani, mama?"

"Ya mutoto wangu. Kashindi."

Nyuma yao wengine walianza kushuka, mmoja baada ya mwingine, mpaka kule kwa fundi wa mabati. Mama alikuwa bado ameshika gido, na Ndagano ameshika upande wake, na hapo katikati ya barabara mama akalia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wanawake walitoka kwenye nyumba zote. Yule wa bombani alitoka pia, na yeye ndiye aliyefika wa kwanza kumshika asianguke. Hakuna aliyemkumbusha maneno yake, hata mimi.

Wanyonga kinga walizilaza baiskeli zao kando ya barabara, ubavuni, na samaki wa siku ile hawakufika Sange. Tuliweka turubai. Katekista alikuja akasali bila jeneza, alisema tu jina lako na kumwomba Mungu akutambue popote ulipo. Watu wa Bijombo waliokimbilia mjini walikuja wakasema uliwauzia sabuni siku ile, kwamba ulifika, yaya. Ulifika juu. Mmoja alisema ulikuwa unawatania kwamba wameishi karibu na Mungu lakini hawaogi. Hilo ni neno lako, hakuna mwingine angelisema hivyo. Mama alimfanya alirudie. Nami nilichemsha chai, nikagawa vikombe, nikaosha, nikachemsha nyingine.

Shefu alikuja siku ya pili ya kilio. Hakuna aliyemwambia kitu. Alizima moto yake kwenye kona, akaisukuma mpaka kwetu, na moto ile ni nzito. Aliketi na wanaume akanywa chai yenye sukari bila kulalamika. Alipokuwa anaondoka nilimpa jibu la swali lake, kwamba kimeanza, na kwamba kitaisha. Akasema vema, hakuna haraka. Mawe yalikwenda Lemera. Nimekwenda kuyaona, wameweka vizuri, maji yana pa kupita sasa, na Ndagano anasema bado ni njia ya kutukana lakini matusi yamepungua.

Siku zilipotimia mama mwenyewe alikwenda barabarani. Aliwaambia kwamba kilio kimeisha, amewashukuru, wapande. Wakapanda. Kwa karani wa parokia alikwenda peke yake, na sasa jina lako linasomwa pamoja na wale wengine. Siku hizi asubuhi wakipita na kengele zao anawainulia mkono, wao wanaita Mama Kashindi, yeye anawauliza hali ya wake zao. Anakula. Analala. Amerudi kwenye mihogo yake. Kipande chetu ni kijani, daraja A, na nimekiandika mimi mwenyewe kwa kalamu yangu.

Nimesema habari za watu wote, sasa niseme yangu, maana najua ungeniuliza. Kwenye kilio sikulia. Watu walisema yule binti ana moyo mgumu, wengine wakasema ni kusoma. Nilikuwa na chai ya kuangalia. Nilijiambia mimi nilijua tangu zamani, kwa hiyo hakuna jipya la kuniliza. Haikuwa kweli. Sikuwa najua kitu. Nilikuwa nimekaa katikati ya mama na Ndagano kwa sababu katikati hapakuwa na maumivu, na kumbe kila siku nilikuwa nasubiri ithibitike kwamba mama alisema kweli, uko njiani.

Juzi shefu aliniita tena. Alikuwa ametazama vipimo vipya na kwenye kijani chetu kulikuwa na uzi mmoja mwembamba mwekundu, kila asubuhi kwenda na kila jioni kurudi. Wote wanapita wamepanda isipokuwa huyo mmoja. Alidhani simu yake imeharibika akataka ibadilishwe. Nikamwambia simu ni nzima. Nikamwambia ni yangu, nikifika hapo nashuka. Hakuniuliza kinaisha lini.

Nakosa hata kelele zako, yaya. Nakosa kukushika shati na kusikia unavyohema mlimani. Nikifika kwa fundi wa mabati miguu yangu inashuka yenyewe, kabla sijaamua, na natembea mbele ya nyumba yetu wenyewe kama mgeni anayepita kwenye kilio cha watu. Jana mama alikuwa mlangoni, akaniona nakuja na kinga mkononi.

"Panda, mama," aliniambia taratibu. "Kilio imeisha."

Nikamwitikia ndiyo, mama. Nikaendelea kutembea.

Ulale vizuri, yaya, huko juu ya Bijombo au popote walipokuacha.

Mdogo wako